Baba ataka kanda zake, kaka analeta simu, nami nina siri chini ya vitenge

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili, naishi Mbagala na nauza vitenge. Kwetu ni Korogwe. Tumezaliwa wanne na mimi ndiye kitindamimba. Haya ninayokuandikia hata mume wangu anayajua nusu tu.

Baba yetu ana miaka 74. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge zaidi ya miaka 30, na muda mwingi alikuwa korona (namaanisha mashine ya kukamulia mkonge, si ule ugonjwa). Mama ameshatangulia. Baba anaishi na wifi yangu, mke wa kaka wa pili, pamoja na mjukuu wake wa darasa la nne.

Starehe yake ni moja tu: redio kaseti kubwa ya spika mbili aliyoinunua mwaka niliozaliwa, na kanda 31 alizorekodi mwenyewe, nyingine kutoka Radio Tanzania, nyingine kwa marafiki. Kuna Jamhuri Jazz, kuna Atomic Jazz, kuna taarabu ya Black Star, yaani Tanga yote imo humo. Kila kanda ameiandika namba kwa kalamu nyekundu. Kila siku baada ya Alasiri anatoa redio barazani, wazee wenzake wanakuja na bao, anaweka kanda. Huwa hachagui wimbo, anachagua namba. Utamsikia: "Leo ya nane." Mjukuu anakimbia chumbani kuileta, na upande mmoja ukiisha yeye ndiye anayegeuza.

Mwezi wa pili redio ikagoma. Taa inawaka, stesheni inashika, ila kanda hazizunguki. Fundi wa pale Korogwe alifungua akasema mpira wa ndani umeyeyuka kama lami, na hana mwingine. Tangu siku hiyo baba amepoa. Wifi anasema wazee bado wanakuja, ila wanacheza bao kimya na wanaondoka mapema.

Sasa kaka mkubwa, ambaye yuko mgodini Geita na ndiye anayetuma hela ya chakula na dawa, akaandika kwenye grupu la familia kwamba Desemba anakuja na simu janja mpya ya baba. "Nyimbo zote za dunia zimo humo, hayo makanda yachomwe moto." Dada akaweka dole gumba, kama kawaida yake. Mimi sikusema kitu. Lakini mwaka jana nilishamjaribisha baba kwenye simu yangu. Vidole vyake vimekomaa na mkonge, ngozi kavu kama gome. Akabonyeza kioo mara tano, kioo hakimsikii. Mara ya sita likafunguka tangazo la kubeti. Akanirudishia, akasema, "Chukua, hii ni ya kwenu."

Nimepokea mchezo wangu na nimetenga 150,000 kwa ajili yake. Kariakoo nimeona redio ndogo za memori kadi na flashi, kuanzia 25,000 hadi 60,000. Nimeona vidude vidogo vya muziki vya kubana kwenye shati, vya kusikiliza kwa hedifoni, 70,000. Pia kuna fundi anayesema ataifufua redio ya baba kwa 80,000 akipata mpira, ila garantii hatoi.

Sasa nifike kwenye siri. Sikukuu ya Idi nilipokwenda nyumbani nilichukua kanda moja kimyakimya, namba 19, nikaja nayo Dar kwa kijana anayehamishia nyimbo kwenye flashi. Nilitaka nimfanyie baba sapraizi. Mashine yake ikaila. Nilipoifuata nilikuta utepe umetoka nje kama pima mbili, umejikunjakunja kama tambi. Kijana akaniambia, "Mama, wewe nitajie wimbo tu, nitaudaunlodi." Nikachukua kanda yangu nikaondoka bila hata kugombana. Mpaka leo ipo kwenye mfuko wa nailoni, chini ya vitenge.

Baba ameshahesabu kanda zake. Alipouliza, wifi akasema labda ni mtoto kaichezea. Mjukuu akapigwa marufuku kuingia chumbani kwa babu. Nilisimuliwa haya kwenye simu, nikanyamaza.

Shangazi, kati ya vifaa hivyo ninunue kipi ambacho hakitamkwaza kaka na baba atakipenda? Na nikimpatia chenye sauti nzuri, je, si atasahau hiyo kanda moja?

Kitindamimba, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtu anayeuliza bei na aina ya redio. Mara ya pili nikaona mtu mwenye mizigo miwili aliyoifunga kamba moja: kifaa cha baba, na kanda namba 19. Unatumaini kwamba ukiunyanyua wa kwanza, wa pili utanyanyuka wenyewe. Ruhusu nivifungue nivitenganishe, halafu wewe mwenyewe utaona unavibeba vipi.

Nianze na sentensi uliyoiandika kwa kupita: "Huwa hachagui wimbo, anachagua namba." Hapo mwanangu umenieleza baba yako anavyosikiliza muziki kuliko kaka na dada yako wanavyojua, na pengine kuliko unavyojua wewe. Waliorekodi kutoka redioni tunakumbuka kazi yake. Unakaa na vidole juu ya vitufe viwili, cha kuchezea na cha kurekodia, unavibonyeza pamoja mtangazaji akiwa bado anamalizia salamu, na ukichelewa kidogo umekosa gitaa la mwanzo. Basi kanda ya nane ina wimbo usio na mwanzo, ina nusu ya jina la mtu aliyesalimiwa, pengine na jogoo wa jirani. Mwenye kanda anajua kwamba huu ukiisha unafuata ule. Ule ukianza, mzee fulani huwa anatikisa kichwa kwenye bao na kupoteza kete. Wimbo huohuo ukiutoa kwenye intaneti ukiwa safi na mzima, mzee anaweza kukuambia siyo wenyewe, na atakuwa anasema kweli.

Ndiyo maana swali la kifaa kipi kina sauti nzuri sidhani kama ndilo la kuanza nalo. Ningeanza na mambo madogo zaidi. Anasikiliza na nani? Anawasha kwa mkono upi, kwa kitufe cha namna gani? Umeme ukikatika inakuwaje? Nani anageuza upande wa pili?

Kwa maswali hayo, kidude cha kubana kwenye shati mimi kinanipa wasiwasi, ingawa ni kizuri kwa kijana wa daladala au anayekimbia asubuhi. Vitufe vyake ni vidogo kama punje ya mtama, na hedifoni itamtoa baba barazani akiwa bado amekaa barazani. Wazee watacheza bao, yeye atakuwa peke yake na masikio yake. Tena mzee wa mashine za korona, miaka 30 ya kelele, huenda masikio yamepungua. Ataongeza sauti bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na hedifoni ikifunguliwa mpaka mwisho inapita hapo kwa mbali. Hata akitumia spika, si vibaya siku moja akapimwa masikio. Wakati mwingine ni nta tu.

Simu ya kaka. Hapa naomba tusimhukumu haraka. Umeandika kwamba kaka anataka baba asikilize nyimbo kwenye simu, lakini hebu jiulize: mtu aliye Geita, anayetuma hela kila mwezi na kumwona baba mara moja kwa mwaka, anaposema "nitamletea simu" anafikiria nyimbo kweli? Huenda anatafuta namna ya kuuona uso wa baba yake jioni moja moja, ila hajui kulisema. Kama ni hivyo, simu na redio hazigombani. Simu inaweza kukaa kwa wifi, kaka akapiga, baba akaonekana. Hatari zake nawe umeziona: kioo kisichosikia kidole kikavu, bando linaloisha katikati ya wimbo, matangazo. Ongeza zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", ambazo wazee wetu wengi zimewaliza. Faida yake nayo usiifute, maana haimo kwenye redio yoyote.

Kuhusu kuchoma kanda kwa kuwa zimepitwa na wakati, mwambie kaka taratibu kwamba kila kifaa kina zamu yake. Sony walitoa Walkman mwaka 1979, dunia ikaona kaseti mfukoni ndiyo mwisho wa maendeleo. Mwaka 2001 ikaja iPod ya Apple, nyimbo 1,000 mfukoni, na kaseti zikaonekana takataka. Hiyo iPod nayo ilisimamishwa mwaka 2022. Na simu atakayoileta Desemba, miaka mitano ijayo betri yake itakuwa imevimba kama andazi. Kinachotakiwa kudumu ni kilichorekodiwa, na kilichorekodiwa kwa baba kipo kwenye plastiki 31, kasoro moja iliyo kwako.

Redio ya memori kadi nadhani ndiyo moyo wako umeiegemea, na nakuelewa. Ina vitufe vya kubonyeza, ina spika, inashika stesheni, nyingi zinatumia ile betri bapa ya BL-5C ya simu za Nokia za zamani, ambayo hata Korogwe huikosi. Lakini usinunue kwa macho. Mimi mwenyewe niliingia duka moja nikachukua redio, na kwa tamaa nikachukua na kadi ya GB 64. Nimefika nyumbani, redio inaniambia hakuna kadi. Nikarudi nimekasirika kumbe kosa ni langu: redio nyingi ndogo za namna hii zinasoma kadi za mpaka GB 32, zilizofomatiwa kwa FAT32, na kadi kubwa zaidi hutoka kiwandani na mpangilio mwingine. Na wala huhitaji kubwa. Muziki wa MP3 wa kawaida unakula kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kanda zote 31 za dakika 90 hazifiki hata GB 4. Kadi ya GB 8 itabaki na nafasi.

Ukiwa dukani cheza wimbo, uache ufike katikati, zima, washa tena. Je, umeendelea ulipoishia, au umerudi wimbo wa kwanza kabisa wa kadi? Zinazorudi mwanzo zitamtesa mzee kila siku, na muuzaji hatakuambia. Angalia pia kama ina vitufe vya tarakimu, kwa sababu nyingine zinakuruhusu kubonyeza 8 ukaenda moja kwa moja faili la nane. Unaona ninakokwenda? Upande mzima wa kanda uwe faili moja, lenye namba ya baba, bila kukatwakatwa nyimbo. Kwa kuwa kila kanda ina pande mbili, mtakubaliana naye namna ya kuhesabu. Na mnapohamisha mafaili kwenye kadi yaingizeni moja baada ya jingine kwa mpangilio, maana redio nyingi za bei nafuu hucheza kwa utaratibu yalivyoingia, hazijali jina.

Shida ni kwamba kabla ya kufika huko kanda lazima zihamishwe, na kanda haihamishwi kwa haraka. Dakika 90 za kanda ni dakika 90 za kukaa. Kwa kanda 31 hiyo ni kazi ya saa zaidi ya 40, na ndiyo maana vijana wengi wanakuambia "nitajie wimbo". Mashine ya kuzichezea iwe imesafishwa kichwa kwa spiriti, na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kikaguliwe, kwani kikishakuwa kigumu na kung'aa ndicho hula kanda. Jaribuni kwanza kanda isiyo na thamani.

Ndipo naiona ile redio kubwa kwa jicho jingine. Fundi kasema mpira umeyeyuka. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa redio kaseti za umri huo, na mara nyingi si kifo. Mpira wa kipimo kinachokaribia hutolewa hata kwenye mashine nyingine mbovu, ila utomvu wa ule wa zamani lazima ufutwe wote. Shilingi 80,000 bila garantii ni kamari, siwezi kukuambia ucheze. Inaweza kupona miezi miwili ikafa tena, na hela imekwenda. Lakini ikipona, hata kwa miezi miwili hiyo, ndiyo itakayozicheza kanda zote zikiingia kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedifoni, tena pale pale barazani, baba akisikiliza, hakuna kanda inayosafiri kwa basi. Programu ya kurekodia iitwayo Audacity ni ya bure. Kwa mwalimu au mwanafunzi mwenye laptopu hapo mtaani si kazi ngumu. Au unaweza kununua redio ndogo ya 30,000 sasa hivi ili baraza lisikae kimya, na ya fundi ukaisubiri. Au ukampelekea baba bei zote tatu akachagua yeye. Mzee aliyejichagulia redio mwaka uliozaliwa, sijaona kwenye barua yako mahali ambapo mmoja wenu wanne amemuuliza anataka nini. Alisema "hii ni ya kwenu" kuhusu simu. Kuhusu redio ya memori hajasema neno, mmemsemea.

Sasa namba 19.

Kwanza nikutue kidogo. Wewe unahesabu kwamba kanda imekufa. Utepe wa kaseti hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Pima mbili ni kama mita 3 na nusu, yaani dakika 1 na robo hivi upande wa kwanza, na kiasi hicho hicho upande wa pili. Zilizobaki zote huenda ni nzima. Hata hicho kipande kilichojikunja, kama hakijakatika, kikilainishwa polepole kwa vidole safi na kuzungushwa ndani kwa kalamu, kinaweza kucheza, sauti ikizama na kupanda. Kama kimekatika, usikiunge kwa selotepu ya kawaida, gundi yake huvuja na kuchafua kichwa cha redio. Usiipeleke tena kwa yule kijana. Itoe kwenye joto la vitenge, iweke kwenye kopo kavu.

Pili, unaniuliza kama atasahau. Mwanangu, mtu aliyejua kwamba katika 31 haipo 19 hawezi kusahau kwa sababu ya redio mpya. Hilo nadhani ulikuwa unalijua ulipokuwa unaliandika. Ulichofanya hakikuwa ubaya, ulitaka kumfurahisha. Ila ulichukua kimyakimya kwa sababu ulihofia ukimuomba atakataa, na hofu hiyo hiyo ndiyo inayokunyamazisha leo. Baba yako mkali? Hukuandika. Ulichoandika ni kwamba anapoa. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuna njia zaidi ya moja ya kulisema. Unaweza kwenda mwenyewe na kanda mkononi kabla ya kifaa chochote. Nauli ni hasara, na dakika kumi za kwanza zitakuwa nzito. Unaweza kusubiri Desemba, lakini siku hiyo kutakuwa na kaka, simu, dada na dole gumba lake, na jambo lako litageuka kikao cha familia. Unaweza kumtanguliza mtu, mzee mmoja wa bao anayesikilizwa. Hiyo ni njia ya heshima kwetu, ila inampa baba nafasi ya kujiuliza kwa nini hukuja wewe. Unaweza pia kuipenyeza kanda kati ya zile nyingine ukanyamaza. Wengi wangefanya hivyo, na pengine mambo yakapita. Lakini ataiona imeliwa, na atamtazama nani?

Kwa sababu katika habari yote hii yupo mtu mmoja ambaye hakunipa usingizi: yule wa darasa la nne. Kwake kanda haikuwa muziki wa wazee tu. Alikuwa na kazi: kuitwa namba, kukimbia, kugeuza upande. Kazi hiyo imeondoka mara mbili, redio ilipogoma na mlango ulipofungwa, na mara ya pili alikuwa hana kosa. Kifaa chochote utakachonunua kinaweza kuchelewa mwezi, miwili, hata mpaka mchezo ujao. Huyu kila jioni anakaa nje ya mlango.

Wifi yako naye alisema "labda". Usimpigie kwa hasira, alikuwa anatafuta jibu la kumpa mkwewe.

Kuhusu kumkwaza kaka, jaribu kumpigia yeye peke yake, nje ya grupu, asubuhi anapotoka zamu. Usianze na redio. Muulize anakumbuka nini kwenye kanda za baba. Mtoto mkubwa wa nyumba hiyo naye alizigeuza sana kabla yenu. Akikutajia namba, mjue mpo wawili. Asipokumbuka, basi utakuwa umempigia kaka yako simu, na simu hiyo haikuhitaji bando kubwa.

Niandikie tena utakapokwenda Korogwe, hata mistari miwili. Na kabla hujailainisha hiyo pima mbili, nawa mikono ikauke kabisa. Mafuta ya vidole hayapatani na utepe.

Shangazi